Barua kwa mwanangu: yule buibui wako wa mavi ya ndege

Mwanangu, asalam aleikum. Sisi huku Lamu wazima alhamdulilahi, nyanyako goti ndo lile lile. Nlipomwambia umenitumia buibui kwa simu akafurahi, akadhani umemnunulia buibui jipya la kuvaa, ameshawatangazia hadi majirani.

Ile video ya buibui anayejifanya mavi ya ndege wallahi imeninyima usingizi. Mwanzo nkasema huyu mtoto tumempeleka chuo asome ama anitumie mavi ya ndege? Afu likachomoza guu! Nimeirudia mpaka bando ikaisha. Yaani mwili una vinundu vyeusi vinang'aa ka mavi mabichi, chini ametandika hariri nyeupe nyembamba juu ya jani, ule ute unaotapakaa kunguru akishaachia, na hata lile tone linalochuruzika likaganda ukingoni mwa jani nalo kalitia.

Nkasoma kidogo. Kuna Mskoti mmoja, Henry Forbes, alitembea visiwa vya huko Java, Indonesia ya sasa, kati ya 1878 na 1883, akaona kipepeo katua juu ya mavi, akanyata akamshika kwa vidole, kipepeo akakatika, kipande kikabaki pale pale. Akagusa mavi kwa ncha ya kidole aone kama yananata, kumbe yale mavi yenyewe ndo buibui, kamng'ang'ania kipepeo.

Sasa mimi miaka yote hii natia ngisi kwa ndoana, lakini mvuvi aliyejigeuza chambo mwenyewe sijapata kumwona. Nzi na vipepeo hufuata majimaji na chumvi ya mavi, yeye katulia tuli, hana utando wa kunasia, ile miguu mirefu ya mbele ndo magando yake. Ndo maana wakamwita buibui kaa, na kutembea pia ni upande upande. Na ndege wa kumla nae atampita tu, nani ale mavi?

Ila umeniharibu. Jana asubuhi hapo uani, jani la mpapai la chini, nkaona kitu kina vinundu kinang'aa, nkasogea pole pole, nkatia kidole kama yule Forbes. Mavi, mwanangu. Ya kunguru, bado ya moto. Nyanyako alikuwa mlangoni ananitazama, hakusema neno, akanichotea tu maji kwa kata.

Ukija likizo, lile buibui lake usilisahau.

Babako