Kwenu mnaofundisha kipindi cha dini

Makatekista, wainjilisti na maustadhi mnaoingia shule zetu za sekondari kila wiki: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kipindi chenu nimekitazama kutoka ofisini, ambako wengi wetu tulikifanya nafasi ya kusahihisha madaftari.

Shule za misheni zilipotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, dini haikutolewa shuleni. Serikali haina dini, watu wake wanazo. Kipindi kikabaki kwenye ratiba, nanyi mkaachiwa mlango. Sasa mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, na nawasikia baadhi yenu mkisema basi, maadili yamepata mwenyewe. Hata kidogo. Somo lile lina mtihani: mwanafunzi ataeleza madhara ya udanganyifu kwa hoja tano, apate A, na hoja mbili kati ya hizo kampigia chabo jirani yake.

Hapo ndipo penye kazi yenu. Kijana anakariri Amri Kumi bila kukwama, mwenzake anasoma sura nzima kwa tajwidi, na wote wawili wana kikaratasi ndani ya soksi siku ya Hesabu. Wala hawaoni kasoro, maana hakuna aliyewaambia kwamba maneno yale yanahusu chumba cha mtihani. Wafungulieni Mithali 11, mizani ya hadaa. Wafungulieni Surat Al-Mutaffifin, ole wao wapunjao. Kisha waulizeni: alama usiyoisomea, umempunja nani? Nyamazeni, waacheni wabishane. Watabishana mpaka kengele.

Lingine, na hili linaniuma: acheni kutumia kipindi kuponda dini ya wenzao. Watoto hawa wanalala bweni moja, kitanda cha juu na cha chini. Mlichosema asubuhi kinarudiwa usiku, kabla taa hazijazimwa.

Na mkiahidi kuja, njooni. Msipofika, kiranja anakaa mbele, nusu wanasinzia, nusu wananakili nyimbo za kwaya nyuma ya daftari la Jiografia. Najua nauli ni shida. Parokia, usharika na msikiti wailipe. Harusi mbona tunachanga?

Muhula huu ombeni kipindi kimoja makundi yote yakae pamoja, na swali liwe hilohilo la kupunja. Mkuu wa shule akisema bwalo lina shughuli, kaeni uwanjani.