Saa kumi na moja alfajiri, Kibirizi

Mwanga, Kigoma

Somo yangu,

Salaam aleikum, na pole na baridi. Sisi huku wazima. Mvua imeanza, embe za Ujiji zimeanza kudondoka zenyewe, na watoto hawalali mchana kwa kuziwahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa pale mwaloni Kibirizi nasubiri mitumbwi. Unasema siku hizi huna muda hata wa hoki yenu ya barafuni. Kazi mbili kwa siku, ukifika nyumbani unavua viatu unalala. Nilicheka. Wewe ndiye uliyeniambukiza, unaishi Edmonton kwenyewe, huko Kanada, uwanja uko huko huko mjini, na huna muda. Mimi niliye kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye barafu naijua ile ya kulazia kuhe na migebuka, muda nimeupata. Halafu kicheko kikanikauka, na ndiyo sababu nakuandikia barua ndefu badala ya kukujibu kwa sauti.

Unakumbuka ilivyoanza. Vipande ulivyokuwa unanitumia nilikuwa naangalia kwa heshima yako tu. Kile kisahani cheusi hata sikioni kinakopita. Kilichoninasa ni mwaka 2024, serikali ilipofunga ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mfanyabiashara wa dagaa asiye na dagaa ni mtu wa hatari, somo. Vichanja vitupu, usiku mrefu, na bando la usiku ni la bei poa. Ndipo fainali ya ligi yenu ikanikuta, ile ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne: Oilers, timu yenu ya Edmonton, wamefungwa mechi tatu za mwanzo na timu ya Florida, kila mtu ameshawazika, halafu wanashinda ya nne 8–1, ya tano 5–3, ya sita 5–1. Mke wangu akawa ananikuta nimesimama gizani sebuleni, mkono mdomoni nisiamshe watoto.

Mechi ya saba kwetu ilianguka alfajiri ya Jumanne tarehe 25 Juni, saa tisa usiku. Tukafungwa 2–1. McDavid, nahodha wetu, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima ilhali timu yake imeshindwa, na hakurudi uwanjani kuipokea. Hapo ndipo nilipokuwa mshabiki wa kweli. Ningeweza kukuambia ni zile mechi tatu tulizoshinda, lakini nakujua, usingeamini.

Kumwelezea baba yangu kilichonisibu ilikuwa kazi nyingine. Mzee wa reli yule, hoki anayoijua ni ya magongo ya majanini. Nilipomwambia tumefungwa kwa bao moja tu, aliniangalia kwa huruma ya uongo. "Mwaka 1980 timu yetu ilikwenda Moscow kwenye Olimpiki," akasema. "India walitufunga 18 kwa sifuri. Kumi na nane! Na hatukukosa kazini kesho yake." Kisha akarudi kwenye bao lake la kete. Nilikwenda kutafuta nikijua anatia chumvi. Kweli kabisa, 18–0, na India ndio waliochukua dhahabu.

Basi ziwa likafunguliwa, na Oktoba ligi ikaanza, na hapo ndipo mahesabu yalipoanza kugoma. Mechi ya nyumbani Edmonton inayoanza saa moja jioni kwenu, wakati wenu wa baridi, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Unajua hiyo ni saa gani Kibirizi. Ndiyo saa taa za ziwani zinaanza kurudi moja moja, na mnunuzi anayetaka dagaa safi anatakiwa awe ameshaingia majini, suruali imekunjwa magotini, anapatana bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja muuza chai, sikio moja na waya, naangalia simu chini ya koti. Siku moja mvuvi niliyenunua kwake miaka sita aliniita mara mbili, sikusikia, akampa mwingine. Nilipogeuka zilibaki beseni mbili za dagaa waliopondeka, wa kulishia kuku. Oilers walikuwa wanaongoza. Sikujua nifurahi wapi.

Lakini hasara ya dagaa si kitu, giza lingine la mwezi linakuja, dagaa watakuwepo. Nilichotaka kukueleza ni cha Jumapili.

Nilikuwa najisifu kwamba hoki haimgharimu mtu. Sichukui hela ya nyumba, sichukui muda wa duka, naiba kwenye usingizi wangu mwenyewe, na usingizi wangu ni mali yangu. Mechi za Jumamosi usiku kwenu mara nyingi zinanifikia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, zinaisha saa mbili na nusu. Nakula, nalala. Nikiamka jua limeshaegemea, nasema nitakwenda Ujiji kwa baba wiki ijayo. Nilipiga hesabu juzi kwenye daftari la madeni: mechi 82, kila moja saa mbili na nusu pamoja na vile vipumziko viwili, ni saa 205. Siku nane na nusu, usiku na mchana, bila kufumba jicho. Na hapo sijagusa mtoano. Mwaka ule wa 2024 peke yake walicheza mechi 25 za ziada. Sikushtushwa na namba, maana mpira wa miguu nao ungenilia hivyo hivyo. Nilishtushwa na ukurasa wa pili, nilipojaribu kuhesabu Jumapili nilizokwenda kwa baba tangu Oktoba. Vidole vya mkono mmoja vilibaki.

Nikaenda Jumapili ile ile bila taarifa. Nilimkuta chini ya mwembe, bao liko mbele yake, anacheza peke yake. Anapanda kete za upande wake, halafu anainuka kwa taabu na lile goti, anazunguka, anakaa upande wa pili, anajibu. Angeweza kugeuza bao tu. Nilimuuliza kwa nini anazunguka, akasema ukikaa upande mmoja unajipendelea. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Akasogea, akanipa upande wenye kivuli.

Kumbe nilipodhani naiba kwenye usingizi, nilikuwa nachukua kwake. Usingizi unadai, na mimi nilikuwa naulipa kwa Jumapili za mzee.

Sasa usije ukadhani nimeokoka. Hoki siiachi, na sitaki mtu aniambie ni upuuzi. Ndizo saa pekee katika wiki ambazo siuzi wala sinunui kitu. Nimepanga hivi tu: siku za giza, mitumbwi ikiwa ziwani, siangalii laivu. Mbalamwezi ikitoka na wavuvi wakipumzika, naangalia za alfajiri ninavyotaka. Za Jumapili naangalia marudio baada ya Isha, nikitoka Ujiji. Mke wangu amesema ataamini akiona.

Na wewe, somo, shida yako naiona kinyume na yangu. Mimi nilizidisha mchezo, wewe umezidisha kazi hadi mchezo wenyewe umekuwa kazi ya kuuwaza. Hebu angalia wanavyocheza hao jamaa: sekunde arobaini na kitu, mtu anatoka, anakaa kwenye benchi, anakunywa maji. McDavid mwenyewe, nahodha, mwenye kasi kuliko wote, anacheza dakika ishirini na ushei kati ya 60. Zilizobaki amekaa. Hakuna kocha anayemwita mvivu.

Nina ombi moja, na ni kubwa. Usinitumie matokeo Jumapili asubuhi. Hata kile kikatuni cha kulia usinitumie, nitajua. Subiri mpaka saa tatu usiku wa kwetu.

Dagaa wako kilo tatu nimeshawaanika mwenyewe, hawana mchanga, atawabeba yule jirani yetu anayesafiri mwezi ujao. Baba anakusalimu. Anauliza kama hiyo timu yako imeshachukua kombe. Nimemwambia mara ya mwisho ni 1990, akasema basi ana muda wa kunifundisha bao vizuri kabla sijaanza kusherehekea.

Ni mimi somo yako