Shukrani za familia baada ya mazishi na hitma ya mama yetu

Assalaam alaykum.

Sisi watoto, wajukuu na ukoo mzima wa marehemu mama yetu tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu alipotutoka hadi siku ya hitma. Kumfikia kila mtu nyumbani kwake hatutaweza, basi pokeeni maneno haya kama tumekuja wenyewe kupiga hodi.

Shukrani kwa imamu na maamuma wote, kwa vijana waliokesha chini ya turubai na kupokezana jeneza hadi makaburi ya Kisutu. Kina mama wa uani, nyie hatuna cha kuwalipa. Mlijifunga kanga mkakaa mbele ya moshi wa kuni, na tuliposema tukodi mpishi mkatufukuza jikoni.

Wengi mlituuliza kuhusu Mama na Bibi Titi Mohamed. Naam, alimfahamu tangu enzi za ngoma, Bibi Titi akiwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba hapa Dar es Salaam. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipozaliwa mwaka 1954, Bibi Titi alichukua kadi namba 16, na mwaka uliofuata akakabidhiwa uongozi wa wanawake wa chama. Hakwenda kuwatafuta mbali: alianza na wanangoma wenzake, wauza vitumbua na wapika pombe, na kadi zikatoka kwa maelfu. Mama, binti mdogo wakati huo, alizibeba kadi hizo kwenye pindo la kanga ili baba yake asizione.

Uhuru ulipopatikana, Bibi Titi alikuwa mbunge na waziri mdogo, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mama alirudi kwenye cherehani yake. Habari za Bibi Titi kushindwa uchaguzi wa 1965 na kujiuzulu baada ya Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, Mama alikuwa akizipita haraka. Alichokisimulia mpaka tukakijua kwa moyo ni yaliyofuata: mwaka 1969 Bibi Titi alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na alipotoka kwa msamaha wa Rais mwaka 1972, wengi waliokuwa wakimzunguka walimkwepa.

Tangu hapo Mama akawa na desturi iliyotuchosha. Jirani akifiwa au akipatwa na kesi, lazima twende, hata kama wiki iliyopita walirushiana maneno dirishani. Msibani tukaona sura tusizozijua kabisa, na kila tulipouliza, jibu lilikuwa moja: "Mama yenu alikuja kwetu." Tumeelewa sasa, ingawa tumechelewa.

Wazee mliotoka Temeke, tumesikia kuwa foleni ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed ndiyo iliyowakosesha maziko. Msijali. Mama angecheka sana.

Waliotoa rambirambi wameandikwa kwenye daftari, na kaka mkubwa analo. Masufuria na masinia yaliyobaki yapo uani, wenyewe wafike kuyachukua. Yeyote anayemdai marehemu, kuanzia nguo aliyoleta kushonwa hadi fedha, asione haya kuja kwetu. Aliyekuwa akidaiwa naye, familia imesamehe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mama na awalipe kheri. Amin.

Kwa niaba ya familia,
Watoto wa marehemu