Adapta isiyofaa huua vinanda

Mhariri,

Vinanda vingi vya kanisani na vya bendi za taarabu vinavyofikishwa kwa fundi vikiwa “vimekufa” vimeuawa na adapta (kifaa kinachopunguza umeme wa ukutani ili ufae kinanda) ya kuazima. Pini inaingia vizuri, mtu anaamini inafaa. Kumbe Yamaha PSR nyingi hutaka volti 12, chanya ikiwa katikati ya pini, ilhali Casio CTK nyingi za zamani hutaka volti 9, na katikati ni hasi.

Soma alama iliyo kando ya tundu la umeme, kisha pima adapta. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye DC 20, yaani umeme wa mkondo mmoja hadi volti 20, ncha nyekundu ndani ya pini, nyeusi nje. Ikitokea alama ya kutoa (−) mbele ya namba, katikati ni hasi. Adapta nzito za transfoma zisizo na kidhibiti husoma juu zikiwa hazina mzigo; ya volti 9 kuonyesha 12 si ajabu.

Ampea za adapta (kiasi cha mkondo inachoweza kutoa) zikizidi mahitaji ya kinanda hakuna neno. Zikipungua, kinanda hujizima na kujiwasha unapopandisha sauti, kwa sababu spika ndizo zinazokula umeme mwingi.

Nawasihi mafundi pia: kabla ya kutangaza kwamba bodi kuu imekufa, pimeni daiodi ya ulinzi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) karibu na tundu, halafu kidhibiti volti. Daiodi ni kifaa cha bei ndogo sana, na kinanda kizima kinatupwa kwa ajili yake.

Mpenzi wa vinanda,
Tanga