Warsha ni bure, kusomewa skripti nzima si bure

Haipiti wiki bila mtu kutuandikia WhatsApp: "Mlitangaza bure, kumbe mnachaji." Wa juzi alituita matapeli mbele ya kundi zima. Basi tuyaseme hapa yaishe.

Warsha yetu ya Jumamosi ya kuandika skripti za filamu ni bure kweli. Huulizwi kiingilio wala cheti, na ukisahau daftari utapewa karatasi. Muongozaji anayefundisha hutengeneza filamu zake kwa hela za kudunduliza, na kwa kazi hii hakuna anayemlipa. Kurasa chache ulizoandika zinasomwa kwa sauti na kukosolewa palepale. Kuna binti wa Mbagala alikuja na sini, yaani tukio moja la filamu, ya jikoni usiku, mtoto anasema: "Mama, nina huzuni sana kwa sababu baba amefariki." Muongozaji akamuuliza, kwenu nani anaongea hivyo? Jumamosi iliyofuata mazungumzo yote yamefutwa. Mama anapakua sahani tatu, anaitazama ya tatu, anaurudisha ubwabwa sufuriani. Ukurasa mzima umebaki mistari minne, na hakulipa hata senti.

Kinacholipiwa ni ile skripti ya kurasa 90 unayotuachia mezani ukisema "nipitieni tu". Ukurasa uliopangwa vizuri ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo hapo umetuachia filamu ya saa moja na nusu. Tunaisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, sini kwa sini: nani anajua nini, kajuaje, na hii lokesheni, yaani mahali pa kushutia, utaipata wapi. Tunachukua shilingi 150,000. Anayeona ni nyingi akaulize bei ya kukodi kamera na taa kwa siku moja, na hapo bado hajalisha watu.

Wengi hukata kona hapohapo. Hadithi ipo kichwani, wanasema, tutaelewana lokesheni. Mteja mmoja alitukodi kushuti Bagamoyo kwa mtindo huo. Tulimwonya, akasema waigizaji wake ni wazoefu. Tulipokaa kuediti, dada mtu analia msiba, lakini hakuna sini hata moja inayoonyesha nani kafa. Kurudi Bagamoyo tukakuta nyumba imepakwa rangi ya bluu, na mwigizaji kafumua misuko na kunyoa kabisa. Sini zote za ndani zikarudiwa kwenye nyumba nyingine. Ile ada aliyoikwepa isingetosha hata chakula cha siku za marudio.

Na usidhani skripti utaikwepa moja kwa moja. Bodi ya Filamu inaitaka kabla ya kukupa kibali. Wapo wanaoandika moja ya haraka ya kupeleka Bodi, halafu wanashuti kitu kingine. Kazi za namna hiyo hatuzigusi, hata ukitulipa mara mbili.

Siku hizi kuna wanaoandikiwa na programu ya kompyuta kwa Kiingereza, kisha wanaitafsiri. Tunawatambua kabla hatujafika ukurasa wa pili: bibi wa Tandale anamwamkia mjukuu wake "Habari za asubuhi, mpenzi wangu", na mjukuu haamkii. Kuisafisha skripti ya hivyo ni kuiandika upya, na bei yake ni ya kuandika, si ya kusoma. Msitununie.

Wengine hawaleti kabisa, wanaogopa tutawaibia wazo. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda kilichoandikwa. Andika, kasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndipo uje. Tutakusainia daftari la mapokezi na nakala utabaki nayo.

Jumamosi hii ni zamu ya mazungumzo ya wahusika. Njoo na kurasa zisizozidi tatu, zimeshachapwa, nakala mbili. Printa yetu haina wino.