Mbwa wa mashindano mwenye mguu mbovu msimwache kituoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niongee na Waswahili wenzangu tulioko huku Uingereza, hasa wale ambao watoto wanawaganda kila siku mama tunataka mbwa, mama tunataka mbwa. Najua kuna ambao dini na mila haziruhusu mbwa aingie ndani na hilo naliheshimu kabisa, naongea na wanaofuga au wanaofikiria kufuga.

Sisi tunakaa Manchester, na zile mbio za mbwa za kumfukuza sungura wa mashine uwanjani, kwa huku zilianzia hapahapa, uwanja wa Belle Vue mwaka 1926. Mbwa wenyewe ni greihaundi, kifua kipana, kiuno cha nyigu, akifunguka anakaribia kilomita 70 kwa saa. Sasa hawa wanastaafishwa wakiwa na miaka mitatu, minne, mitano hivi na wanaweza kufika 12 au kupita, yani sehemu kubwa ya maisha yake inakuja baada ya uwanja, na wako wengi wanaostaafu sababu wameumia.

Na kuna pale wanapoumia sana. Huku wanakimbia wakizungukia kushoto, mbwa sita wanaingia kona moja kwa pamoja, mguu wa nyuma wa kulia ndo unabaki upande wa nje unabeba kishindo chote cha kona, kwahiyo vimifupa vya kifundo ndo vinavunjika. Huyu wetu ni hivohivo. Siku tuliyoenda kituoni, pale wanapotunzwa mbwa waliostaafu wakisubiri watu wa kuwachukua, tuliletewa wanne wazima, wazuri kweli, yeye kalala kule nyuma kwenye blanketi, mhudumu akasema huyo kifundo kilivunjika kikaunga vibaya, watu wakiona anachechemea wanahamia kwa mwingine, ana miezi tisa hapa. Mwanangu akamsogelea, mbwa akanyanyuka taratibu, akaja akamuegemea kwa ubavu wote, ndo tabia yao kukuegemea kama mtu aliyechoka kusimama. Masikio yote mawili yana chale za wino wa kijani, ndo alama ya mbwa waliozaliwa Ireland. Tukamwita Tatu, sababu akisimama mguu wa nne anaugusisha ncha ya kucha tu.

Mama yangu yuko Moshi, nilipomwambia kwa simu akasema mwanangu, mbwa kiwete wa nini, atalinda nini? Nikamwambia mama huyu halindi kitu, hata kubweka habweki. Akanyamaza, afu akauliza, anakula vizuri lakini? Toka siku hiyo kila akipiga lazima aulizie mguu.

Sasa niseme ukweli wake ili mtu asiingie kichwakichwa. Asubuhi akitoka kulala zile hatua kumi za kwanza zinauma kuziangalia, kifundo kimevimba kigumu kama kokwa ya embe, anakanyaga anautoa, anakanyaga anautoa, afu mguu unapata moto anatembea vizuri mpaka bustanini. Baridi ikikaza ni mbaya zaidi, hawa hawana mafuta mwilini na manyoya yao mafupi, koti ni lazima. Ngazi alikuwa hajawahi kuziona maishani mwake, usiku wa kwanza alisimama pale chini analia, ikabidi mimi na mume wangu tumbebe, kilo 27. Sakafu ya mbao inamtelezesha, tumetandika vipande vya kapeti toka mlangoni mpaka kwenye sofa. Tunamtembeza mara mbili kwa siku, dakika ishirini ishirini, kumrushia mpira hapana, na dawa ya maumivu ya maji daktari wa wanyama ametuandikia tunamchanganyia kwenye chakula. Muda mwingi uliobaki analala tu, watu wanadhani mbwa wa mbio anataka kukimbia kutwa nzima, si kweli.

Kilichoniuma ni bima. Kampuni moja nilijaza fomu kila kitu nikaandika na kifundo, wakapokea hela zangu miezi sita, nilipoomba malipo ya eksirei wakasema ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi. Bima nyingi ziko hivo, ulizeni kabla ya kusaini na hela ya mguu wekeni pembeni wenyewe.

Nasema haya sasa hivi sababu mbwa watakuja wengi. Florida kule Marekani mbio zilikoma mwisho wa 2020 baada ya wananchi kupiga kura 2018, New Zealand wakatangaza Desemba 2024 kuwa wanazifunga, Wales nao wakatangaza Februari 2025. Mimi nafurahi moyoni kabisa, ila uwanja ukifungwa mbwa wapo wanahitaji pa kulala, na wazima ndo watachukuliwa kwanza.

Kwahiyo mkienda kituoni ombeni kumuona na yule ambaye hamkuletewa. Ulizeni aliumia lini, kama alifanyiwa opereshini, eksirei ziko wapi, na muangalieni akiwa ametoka kulala, sio akiwa ameshatembezwa, hapo ndo mtaujua mguu wake ulivyo. Kama una paka nyumbani sema mapema, wengine hawapatani na paka kabisa. Huyu wa kwetu saa hizi naandika kalala chali kwenye sofa miguu yote juu, na ule mbovu pia kaunyoosha.

Msomaji wenu,
Manchester, Uingereza