Mwanangu, Kabla Hujalipia Hiyo Laptopu

Arua

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi hapa nyumbani tu wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako niliupata, na picha za laptopu zote mbili nimezitazama, ile HP EliteBook 840 G5 na ile Lenovo ThinkPad T480, ambazo muuzaji amekuambia zimetoka Uingereza na zimekarabatiwa. Umeniuliza kama uongeze shilingi 150,000 ili dhamana ya miezi mitatu iwe ya mwaka mzima, au fedha hizo uzitie kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu, kwa sababu jambo lenyewe lina mafundo kadhaa, na barua unaweza kwenda nayo dukani ukaisoma tena mbele ya mashine.

Dhamana ya mwaka usiinunue. Itake ile ya miezi mitatu, uitake kwa maandishi, na fedha zilizobaki tutazitumia kwa namna nitakayokueleza.

Ulipokuwa darasa la sita nilinunua Kampala laptopu ya kwanza ya hapa dukani kwangu pa kuchapia, nikapewa dhamana ya miezi sita, nikarudi nyumbani nikiwa na amani kamili. Mwezi wa nne kioo kikawa cheusi. Nilipanda basi la usiku, tukavuka Nile pale Pakwach na tena pale Karuma, safari ya zaidi ya kilomita 450, nikafika asubuhi na kulikuta duka ndiyo kwanza linafunguliwa. Nikaitoa risiti ndani ya mfuko wa plastiki nilimoihifadhi kwa uangalifu, na ilikuwa nyeupe. Zile risiti za mashine huandikwa kwa joto, si kwa wino, na zikikaa mahali penye joto maandishi hufifia yenyewe. Ukiielekeza karatasi dirishani uliona kivuli cha tarakimu mbili au tatu tu. Muuzaji aliniomba radhi kwa adabu, kisha akaigeuza laptopu na kunionyesha stika ndogo, ile ya kuthibitisha kwamba mashine haijafunguliwa, iliyokuwa imechanika juu ya skrubu moja. Ilichanika siku nilipomruhusu fundi wa hapa aifungue kuondoa vumbi. Sikuwa na la kusema. Jioni ileile nikapanda basi kurudi, na kioo hatimaye kilitengenezwa hapa Arua kwa fedha zangu mwenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu uchungu wa siku ile ndio ulionifundisha kuipima dhamana. Nilikuwa nikihesabu miezi tu. Siku hizi huuliza kwanza imeandikwa wapi, inahusu sehemu zipi, na mtoaji wake yuko umbali gani nami. Ndiyo maana sitaki kukununulia laptopu hapa Arua na kukutumia, ingawa wauzaji wapo na ninafahamiana nao. Wewe unasoma Makerere, na duka lililoko Wandegeya unalifikia kwa miguu baada ya kipindi. Miezi mitatu ya duka unalofika kwa miguu naithamini kuliko mwaka mmoja wa duka linalokutaka ulale ndani ya basi.

Ipo sababu nyingine. Vifaa vya umeme vyenye kasoro ya kiwandani au ya ufundi huionyesha mara nyingi katika wiki za mwanzo, na vikishavuka hapo hufanya kazi muda mrefu hadi uchakavu unapoanza. Kwa hiyo siku zenye thamani kubwa katika dhamana yako ni zile za mwanzo. Usiiweke laptopu kabatini ukisubiri mihula ianze. Iwashe kila siku, ifanyishe kazi nzito, iache icheze video saa nzima, ichaji na kuimaliza betri mara kadhaa, ili kama kuna ugonjwa ujitokeze muda bado upo. Sehemu zinazochakaa kwa kawaida, yaani betri na chaja, karibu kila dhamana huziacha nje au huzipa muda mfupi zaidi, na madhara ya umeme uliorudi kwa nguvu baada ya kukatika nayo huachwa nje. Ukiyaondoa hayo, mwaka wa ziada unakulinda dhidi ya machache mno kwa shilingi 150,000.

Sasa niseme kuhusu neno lenyewe, kukarabatiwa. Laptopu iliyokarabatiwa inapaswa kuwa imepimwa, imefutwa data za mwenyewe wa kwanza, na kubadilishwa sehemu zilizoharibika. Muulize muuzaji ni sehemu gani zilizobadilishwa katika hii hasa unayoishika. Akishindwa kutaja hata moja na kukuonyesha vipimo, ichukulie kuwa imetumika tu na imepanguswa kwa kitambaa, ukabishane bei kwa msingi huo. Alama za daraja A au B zisikupumbaze, kwa kuwa kwa kawaida hueleza mikwaruzo ya nje, na mkwaruzo wa nje haujawahi kumzuia mtu kuandika kazi yake.

Jambo nililoliangalia kwa makini katika picha zako ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na hapa nakuomba usiende haraka. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inadai kizazi cha nane au kipya zaidi, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Watu husema T480 na 840 G5 ni za kizazi cha nane, na nyingi ni hivyo kweli, ila aina zote mbili ziliuzwa pia zikiwa na prosesa za kizazi cha saba ndani ya umbo lilelile na jina lilelile. Usisome jina la kwenye jalada. Fungua mipangilio ya mfumo uisome namba ya prosesa yenyewe: i5-8250U au i5-8350U ni nzuri kwako, lakini ukiona i5-7200U au i5-7300U, shukuru na uondoke, hata kama Windows 11 tayari inaonekana humo, kwa maana imelazimishwa. Wakati upo hapo, hakikisha pia Windows imeidhinishwa kihalali.

Kisha betri. Usikubali kuambiwa kwamba inakaa saa nne. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti ambayo utaifungua kwenye kivinjari. Tafuta mistari miwili: mmoja una uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na mwingine una uwezo wake wa sasa ikijaa. Betri ya 840 G5 ilizaliwa ikiwa na karibu mWh 50,000, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Ukikuta sasa hujaa 31,000, basi imebaki asilimia 62, na huo ni uchakavu wa kukupunguzia bei au kukubadilishia betri kabla hujalipa. Ripoti hiyo ipige picha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kabla ya betri kuisha, izime mashine kisha uiwashe tena ukibonyeza F10 ikiwa ni HP, au F1 ikiwa ni ThinkPad, uingie katika mipangilio ya ndani kabisa. Laptopu hizi nyingi zilikuwa za makampuni, na baadhi hutoka huko zikiwa bado zimefungwa kwa nywila ya kampuni. Ukidaiwa nywila ambayo muuzaji hanayo, usiichukue kwa bei yoyote. Mengine unayajua: bonyeza kila herufi, chomeka flashi katika kila tundu, fungua picha nyeupe ijaze kioo uone kama kuna madoa, unganisha na intaneti ya simu yako, fungua na kufunga kifuniko usikilize bawaba.

Kati ya mbili hizo, mimi ningechukua T480. 840 G5 ni nzuri kwa macho na nyepesi mkononi, lakini betri yake iko ndani na kuibadilisha ni lazima kifuniko cha chini kifunguliwe. T480 ina betri mbili, ndogo ya ndani na nyingine ya nyuma ambayo unaichomoa kwa mkono bila fundi, na kwa kuwa ile ya ndani inabaki ikifanya kazi, unaweza kuibadilisha ya nyuma mashine ikiwa imewaka. Kwa hosteli ambayo umeme hukatika usiku wa kuamkia mtihani, ningependa uwe na betri ya pili ndani ya begi. Huko ndiko fedha za dhamana ya mwaka ziende, zikisaidia kununua betri ya nyuma iliyo nzima, si ile ya kunakili isiyo na jina inayovimba baada ya miezi michache.

Kuhusu ramu, kozi yako ya takwimu itaridhika na GB 8 mwaka huu, na GB 16 zitakufaa utakapoanza kufungua data kubwa pamoja na kivinjari na faili za Excel kwa wakati mmoja. Laptopu zote mbili zina nafasi mbili za ramu ya DDR4 zinazofikika, tofauti na zile nyembamba sana ambazo ramu yake imechomelewa kwenye bodi na ulichonunua ndicho utakachobaki nacho milele. Muulize GB 8 hizo zimekaaje. Zikiwa kipande kimoja cha 8, nafasi ya pili iko wazi na siku yoyote unaongeza kingine. Zikiwa vipande viwili vya 4, nafasi zote zimejaa na kuongeza kutakulazimu kutoa kilichomo. Itake ya kipande kimoja. Tena ujue kwamba bei ya ramu imepanda duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2025, kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo uliza pia bei ya laptopu ambayo tayari ina GB 16 kabla ya kununua kipande peke yake. Diski, yaani hifadhi ya faili zako, iwe ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Hilo halina mjadala, na GB 256 zinakutosha.

Ukiamua kuongeza ramu siku hiyohiyo, na hapa ndipo dhamana na maboresho vinapokutana, iwekwe na duka lenyewe mbele yako, na iandikwe kwenye risiti ileile yenye namba ya mashine. Usiende nayo kwa fundi mwingine wiki inayofuata hata kama anakupunguzia shilingi 20,000. Kumbuka stika yangu. Na kama unataka kuongeza baadaye ndani ya miezi mitatu, uliza leo kama kufungua kifuniko kunaivunja dhamana, na jibu liandikwe.

Muuzaji anaweza kukuonyesha maandishi kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo yasikuzibe mdomo. Uganda tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, nayo inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili na inayofaa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Kwa hiyo mweleze waziwazi kwamba ni ya masomo ya takwimu chuo kikuu, na ikibidi aiandike. Lakini sheria hiyohiyo haikulindi kwa kasoro ambayo ulipoikagua mashine ulipaswa kuiona, na ndiyo sababu nimekusumbua kwa vipimo vyote hivi. Usiende peke yako. Mwombe mjomba wako akusindikize Jumamosi, yeye ana subira ya kukaa dukani saa nzima.

Fedha nilizozitenga ni shilingi 1,200,000, nilizozipata kwa kuchapa mitihani ya mwisho wa muhula ya shule za huku, na nimezitoa kwa moyo mmoja. Laptopu isipite 950,000. Kinachobaki ni cha betri ya nyuma au ramu, kutegemea ile ripoti ya betri itakavyosema, na ekstensheni yenye kinga ya umeme, ambayo usiache kuinunua. Nitakutumia kwa simu ukiwa dukani, baada ya kunitumia picha ya ripoti na ya namba ya prosesa, si kabla.

Risiti itakapotoka, iwe na jina lako, namba ya mashine, muda wa dhamana, sehemu zinazohusika na kila kilichoongezwa, pamoja na mhuri na saini. Ipige picha ukiwa bado mbele ya kaunta na unitumie kabla hujapanda boda boda. Mimi nitaichapa hapa dukani nakala mbili, moja nikuwekee kwenye faili pamoja na vyeti vyako, na nyingine nikutumie kwa basi la kesho yake.

Mama yako